Mwalimu Aliyeturudishia Maneno Yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa wetu, Shehe wetu na Padri wetu mlioketi bega kwa bega, ndugu wageni mliotoka Arua, Dadamu na Pajulu, wanafunzi wenzangu wenye mvi, na wewe Mwalimu Drateru tunayekuaga leo: salaamu kwenu nyote, na aliyechelewa atachukua zake akifika.

Mimi ni Lukumani, dereva wa lori. Nimekula ugali Juba, nimekunywa kahawa Mombasa, na kule Kongo nilibishana na askari kwa lugha tano mpaka akaniomba niende zangu. Shule nilifika darasa la nne, nikaiambia initangulie kidogo, na mpaka leo sijaifikia. Lakini wenzangu wamenichagua niseme, maana wanajua sauti iko.

Ndugu zangu, hapa kuna furaha na kuna hofu. Mwalimu amestaafu, anarudi kwao Pajulu kulima muhogo, na darasa letu la Kiingereza hapa nyuma ya soko la Koboko halina mwalimu mwingine. Alimwomba dada yetu Madinah, muuza samaki wakavu na mwanafunzi mwenzetu, alishike. Madinah alikataa. Akikataa yeye, nani atatufundisha? Mimi?

Cheka tu, Mwenyekiti, lakini ngoja nikueleze tulichokaribia kupoteza.

Kiingereza kina vineno viwili vidogo kama chawa, "a" na "the", na vinauma vilevile. Kiswahili chetu kinaishi salama bila hivyo. Mimi nilipokuja darasani nilikuwa na elimu yangu tayari. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakiweka "the" mbele ya jua, mbele ya mwezi, mbele ya rais, nikajua hiyo ni heshima. Basi nikaigawa kwa moyo mkunjufu: the Alionzi, the Madinah, the Koboko, na mimi mwenyewe the Lukumani. Chapati nilimpa "a", kwa sababu chapati hana cheo.

Je, Mwalimu alinicheka? Hata siku moja. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba nimenunua the mbuzi, mbuzi ambaye hakuna mtu pale aliyewahi kumwona wala kusikia habari zake. Mwalimu akafurahi kama mbuzi ni wake. Akasema: aa, umenunua a mbuzi! Na the mbuzi umemfunga wapi? Nikajibu, akajibu, tukaendelea. Nilirudi nyumbani nikimtambia mke wangu kwamba mwalimu anayapenda maneno yangu mpaka anayarudia. Miezi mingi niliishi na sifa hiyo.

Halafu siku moja pale mpakani Oraba, ofisa akaniuliza nimebeba nini. Nikamjibu kwa Kiingereza, sentensi ndefu, kila kineno kimekaa mahali pake. Ofisa akauliza nimesoma chuo gani. Ndugu zangu, niligeuka nyuma kutazama ni nani aliyesema. Hicho kitu kiliingia lini? Kiliingilia wapi? Mtu anakunywa uji tu, kumbe ndani ya uji kuna dawa, na hakuna aliyemwambia kwamba ni mgonjwa.

Sasa sikilizeni. Juma lililopita Mwalimu alikwenda Arua kwa daktari wa macho, tukakaa peke yetu. Alionzi wa bodaboda akaanza kutusimulia kwa Kiingereza jinsi the mbwa alivyomkimbiza. Madinah alikuwa anamimina chai. Bila hata kuinua macho akamuuliza: a mbwa? Na the mbwa alikuuma? Alionzi akaendelea na hadithi yake, na sentensi iliyofuata ikatoka imenyooka. Yeye hakujua. Madinah mwenyewe hakujua. Mimi nilijua, kwa sababu dawa hiyo nimeinywa. Mwalimu yuko Arua, na bado anafundisha Koboko kwa mdomo wa mtu mwingine!

Jana nikamfuata Madinah sokoni, nikamwambia darasa ni lake.

"Lukumani, wacha," akasema. "Mimi iko mutu ya samaki. Nikisimama mbele ya watu, sauti inakimbia."

Nikayapeleka maneno hayo kwa Mwalimu, nikiwa na huzuni. Akanitazama.

"Na mimi, Lukumani, uliniona nimesimama lini?"

Nilitafuta kichwani, sikumpata amesimama. Siku zote alikaa kwenye benchi kati yetu, amebanwa na Alionzi, kikombe mkononi. Nimepita nchi ngapi nikitazama watu wakubwa, na huyu alikaa pembeni yangu nisimwone!

Leo asubuhi nilirudi kwa Madinah na jibu hilo. Alifunga samaki, akafungua, akafunga tena.

"Ya kukaa," akasema, "hiyo naweza."

Kwa hiyo, Mwenyekiti, ile meza ya mwalimu uliyotuahidi, tunashukuru, usiilete. Tuongezee benchi. Na wewe Mwalimu, nenda ukalime kwa amani. Jumatatu Madinah atabanwa na Alionzi, na sisi tutaongea.

Mmenipa masikio yenu muda mrefu, nami nawarudishia yakiwa mazima. Asanteni sana.