Tulivyomjazia Philemon Fomu

Mgeni rasmi, Bwana Erastus Osiako, mwakilishi wa kampuni inayogandisha maiti huko ng'ambo zikisubiri watu wa baadaye wazifufue: karibu Chekalini. Chai iko. Ila utusamehe, nyuso zetu si za sherehe. Tumeshtuka.

HISTORIA

Philemon, mwana wa pekee wa mama yetu Musimbi aliyeketi hapo mbele, alikuwa fundi wa mashine za hospitali ng'ambo. Alijiandikisha kwenu mwenyewe. Alipofariki mwaka jana mkamgandisha, mama akabaki bila hata kaburi la kupalilia. Kisha mkamletea fomu: aeleze kwa nini, siku hiyo ikifika, mwanawe achaguliwe kuamshwa.

Mama aliandika vizuri. Kwamba Philemon hakushindwa na mashine yoyote, na kwamba alifundisha wenzake bila kuringa. Sisi tukamrukia: "Woi, mama, futa hayo! Nafasi anapewanga asiyejiweza!" Fomu tunazijua sisi. Tumejaza za basari, za kuombea watoto karo, miaka nenda miaka rudi, na anayechaguliwa ni mnyonge kabisa. Basi tukaandika: yatima wa baba, hana kazi, mgonjwa mgonjwa, hajiwezi. Chifu akapiga muhuri. Tukapongezana.

MAFANIKIO

Hapa tulikusudia kuitaja ile fomu. Sasa hatuna la kutaja.

CHANGAMOTO

Jumatatu jibu lilifika. Lynette, anayekusomea risala hii, ndiye aliyemsomea mama: watu wa baadaye watataka wenye manufaa kwao, kwa hiyo Philemon amewekwa kundi la mwisho, lile ambalo huenda lisiamshwe kamwe.

Lo! Mama hakulia. Moyo ulimpasuka, tuliona, lakini aliuliza tu, "Kwani huko hakuna anayemhurumia asiyejiweza?" Tukakosa pa kuficha nyuso. Kalamu iliyofuta ilikuwa yetu.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba fomu nyingine. Ile ilikuwa ya uongo, muhuri na yote. Tuko tayari kuapa mbele ya yeyote.

La pili ni la mama mwenyewe. Alikataa tulipambe, tumeliandika alivyolisema: "Kama huko hatawafaa, msinikalie naye. Nirudishieni. Mimi ananifaa hata akiwa amekufa."

Mungu akufikishe salama, mgeni wetu, na neno hili ulifikishe bila kulipunguza.

Ni sisi,
Majirani wa Mama Musimbi, Chekalini.