Shangazi Anaondoka, Karani Anabaki

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwatunza mbwa na paka wasio na kwao, mlezi mkuu wa kituo chetu, ambaye sote tunamwita Shangazi, anastaafu tarehe 30 Juni. Tumejitahidi kufurahi. Hatujafaulu.

Alianza kwa kufua blanketi. Kituo kilikuwa na vyumba vichache na ahadi moja: hakuna mnyama atakayeuawa kwa sababu amekosa wa kumchukua. Ahadi hiyo ina kazi. Shangazi ndiye aliyewatenga wanyama wapya hadi wapate chanjo, akawatafutia paka wachanga familia za kuwalea kwa muda, na akawalisha kwa mkono waliosusa chakula.

Utaratibu wa kukaa sakafuni ni wake. Anayetaka mnyama huketi chini, kimya, hadi mnyama amfuate mwenyewe. Asipofuatwa, basi tena. Hata mwenyekiti wa bodi aliketishwa akiwa ndani ya suti yake. Aliondoka na manyoya hadi kwenye tai, pamoja na paka mwenye jicho moja ambaye mwenyekiti hakuwa amekuja kumtafuta.

Aliyemshinda Shangazi ni Karani, mbwa wa kahawia aliyepewa jina hilo kwa kupenda kukaa mapokezini akiwakagua wanaoingia. Wengi walimtaka. Kila mara aliwapita, akaenda kulaza kichwa juu ya mabuti ya mpira ya Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye Shangazi akatangaza kwamba mbwa amekataa. Watu wema wakaondoka mikono mitupu. Mwaka huu ndipo alipong'amua, akatuambia huku machozi yakimlengalenga, kwamba Karani hakuwa akimkataa mtu, alikuwa ameshachagua. Laiti yeye Shangazi angetoka tu chumbani, mbwa huyo angepata kwao zamani.

Sasa Karani amezeeka, na Shangazi anahamia kwa binti yake, ambako mjukuu ana pumu na daktari amekataza manyoya ndani ya nyumba. Alimbembeleza daktari, akambembeleza tena. Haikuwezekana. Inatuuma, na tunajua yeye inamuuma zaidi.

Shangazi, ahsante kwa kila kiumbe aliyetoka hapa akiwa hai. Kapumzike, ucheke na mjukuu wako, na afya isikuache. Wageni wa Karani tutaendelea kuwaketisha sakafuni. Kwa sasa, mabuti uliyotuachia yako chumbani mwake, na ndiyo anayolalia. Hatutayaosha.