Cephas Matiko na Tanki la Sindo

Ndugu waombolezaji, marehemu Cephas Matiko alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 karibu na Kehancha, mtoto wa tatu wa Mzee Gisiri na Mama Nyasuguta, akasoma huko hadi 1981, kisha akajifunza ufundi wa friji mjini Migori. Kuanzia 1988 alitunza mitambo ya barafu huko Muhuru Bay, na huko ndiko alikokutana na Risper, binti aliyetoka Sindo, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa mtoto mmoja, Bonface.

Moshi wa kuni za kuchemshia maji ulipombana Risper kifua, Cephas, mnamo Februari 2022, alifunga nyumbani kwao Sindo pampu ya joto, mashine inayovuta joto la hewa na kulitia kwenye maji ya kuoga, na ndani ya tanki akaweka koili ya umeme ya kusaidia kupasha maji hewa inapopoa.

Asubuhi ya tarehe 8 Julai 2023, mke wa Bonface, Damaris, akiwa bafuni anamwogesha mtoto wake Liz, koili ilikataa kujizima, maji yakachemka, tanki likaanza kunguruma ukutani juu yao. Cephas alikata umeme, akasimama mlangoni, akasema polepole, "Mama Liz, mbebe mtoto, utoke sasa." Walipotoka aliingia, akaona valvu ya usalama, ile ya kutolea mvuke, imekwama, akaivuta kwa mkono, na mvuke ukamuunguza hadi kwenye kiwiko.

Risper alitaka mashine ing'olewe, Cephas akakataa, na kwa majuma kadhaa hali nyumbani ilikuwa nzito. Mkono ulipopona alibadilisha valvu na kidhibiti joto, akaongeza swichi nyingine nje ya bafu, akaingia kuoga wa kwanza, Risper akiwa amesimama na kidole kwenye swichi, asikiondoe mpaka mumewe alipotoka.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Homa Bay, na siku moja akamwambia Risper, "Mama Bonface, nina hofu. Kaa hapa." Risper alikaa, hadi tarehe 14 Machi 2025 Cephas alipovuta pumzi ya mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Sindo, na mafundi wenzake wa Muhuru Bay. Ameacha mjane, mwana, mkaza mwana, na mjukuu wake Liz, ambaye bado anamwita babu yake mlangoni.

Cephas, lala kwa amani.