Mlango Uliochapishwa Mara Arobaini na Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, wateja wetu mlioacha viwanda vyenu nusu siku nzima ili mje kunisindikiza, wafanyakazi wenzangu, na wewe baba watoto uliyekaa safu ya mbele ukitazama saa: habari za mchana.

Nimeambiwa anayestaafu huongea kidogo, kisha hukata keki. Keki nimeiona, ni nzuri. Lakini nina ombi, na nisipolisema leo sitapata jukwaa jingine. Kuanzia Jumatatu kiti changu cha mkuu wa ubunifu kitakuwa wazi. Sote humu tunajua anayekistahili ni yule dada tuliyempachika jina la Kwa Nini. Bodi imesita, kwa sababu katika faili lake kuna taarifa ya miaka mitatu iliyopita inayosema hana nidhamu ya kazi. Taarifa hiyo niliiandika mimi.

Naomba niwaeleze ilivyokuwa. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna kazi iliyotoka ofisini kwetu bila kuchapishwa, kubandikwa kwenye ukuta ule unaotazamana na dirisha, na kupitiwa na penseli yangu nyekundu. Katalogi, maboksi ya sabuni, mabango, vyote vilipita hapo. Basi akaja fundi milango, mteja wetu wa siku nyingi, huyu hapa mwenye koti jipya, akitaka tovuti. Kwa Nini akaitengeneza. Ukiburuta kidole kwenye kioo cha simu, mlango unafunguka, kitasa kinalia, na mwanga unaoingia chumbani unafuata saa ya huyo anayetazama: asubuhi wa asubuhi, jioni wa jioni. Mimi nikasema, vizuri, chapisha nikague.

Akachapisha. Karatasi arobaini na tatu! Nikavaa miwani, nikaupitia ukuta mzima, mlango ule ule, mlango ule ule, mpaka nikageuka na kufoka, "Mbona hakuna kinachobadilika hapa?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, kwa nini tuchapishe mlango unaofunguka?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Hata mhudumu wetu wa chai alicheka, namwona anajificha pale nyuma. Niliona aibu, ndugu zangu, aibu ya mtu mzima, na alasiri ile ile nikaketi kuandika taarifa.

Wiki iliyofuata fundi akaja mwenyewe. Kwa Nini akampa simu. Akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akakunja uso.

"Binti, huu mlango si wangu. Mwepesi mno. Wangu ukiusukuma unakugomea kidogo, ndiyo unakubali."

Kwa Nini akavuta kiti, akaanza kurekebisha. "Hivi, mzee?"

"Bado."

"Na hivi je?"

"Upunguze kasi pale mwisho, usijibamize."

Wakakaa hivyo saa nzima, mtu na mjukuu wake utadhani. Hatimaye fundi akaufunga ule mlango wa kwenye simu, akasema, "Sasa huu ni wangu."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na penseli yangu. Miaka yote nilimuuliza mtu huyu anapenda rangi gani, na herufi za jina lake ziwe nene au nyembamba. Sikuwahi kumuuliza mlango wake una uzito gani. Kumbe chapa ya mtu yaweza kukaa si kwenye nembo tu, bali kwenye namna kitu chake kinavyoupokea mkono? Na kama ni hivyo, ni mambo mangapi tuliyaacha nje ya karatasi bila hata kujua kwamba yapo?

Tangu hapo maswali yananiwasha. Bwana wa mablanketi, ukurasa wako ungeonyeshaje joto? Mama wa viatu, mteja akivigeuza viatu vyako kwa kidole mpaka chini ya soli, utathubutu kumwonyesha ule mshono? Na asiyeona, anayesomewa na simu yake kwa sauti, tutamfungulia mlango kwa maneno gani? Hilo la mwisho si langu, ni la Kwa Nini. Ndiye pia aliyekuwa akiazima simu ya mlinzi wa getini, ile yenye kioo kilichopasuka, ili ajaribie kila kazi. Alisema tovuti inayokwama kwenye simu ile ni pambo la wenye simu kubwa. Mimi katika taarifa nikaandika: "Hupoteza muda getini."

Mheshimiwa Mwenyekiti, kurekebisha taarifa ya mfanyakazi kuna fomu yake, na nimeijaza asubuhi hii. Sehemu ya sababu ina mstari mmoja tu. Nimeandika: "Aliniuliza swali nisilokuwa na jibu lake, nikaliita utovu wa nidhamu." Nimetia sahihi, naikabidhi kwako mbele ya mashahidi wote hawa.

Kwa Nini, mwanangu, nisamehe. Haya nilipaswa kukuambia ofisini, tukiwa wawili tu, miaka mitatu iliyopita.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.