Mama Costancia na Maji ya Mbolea ya Kuku

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1978, Mama Costancia anastaafu baada ya kuitumikia serikali miaka ishirini, minane ya mwanzo Kilosa na mingine yote hapa Mikumi, katika bustani ya nyumba ya wageni.

Alipofika hapa, maua yalikuwa yakinyauka kabla ya kuchanua. Yeye na mumewe, marehemu Mzee Anselmi, mfuga kuku wa kijiji cha ujamaa, wakaanza kuloweka mbolea ya kuku kwenye mapipa. Maji yaliachwa yamefunikwa kwa gunia mpaka povu liishe na ukali wa harufu upungue, kisha yakachujwa na kuzimuliwa. Tuta moja la zinia lilipewa maji hayo, la pili maji matupu. Tofauti ilionekana hata ukiwa barabarani. Wageni walioziba pua asubuhi ndio hao hao walioomba mbegu jioni.

Ole wako uchote kabla hayajaiva! Samweli, mwenzetu wa bustani, aliwahi kufanya hivyo kuelekea Saba Saba, akaunguza mawaridi yote ya mbele. Mama hakumgusa, ila kwa maneno aliyopewa siku ile, afadhali angechapwa.

Mwaka huu, mwezi Machi, Mzee Anselmi alifariki, akazikwa hapa Mikumi. Mama alipanda mawaridi kaburini, na kwa uchungu wa kutaka yachanue upesi, akayamwagia maji mabichi. Yakaungua. Yeye aliyetufundisha sote kusubiri, safari hii hakuweza. Tulimkuta amekaa chini analia. Samweli alichukua jembe, akapanda upya.

Sasa nyumba ya wafanyakazi inabidi airudishe, naye anakwenda Malolo kwa binti yake, Katarina. Kinachomuuma si kuacha kazi, ni kumwacha mzee peke yake. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alisema kitenge anacho. Anachotaka ni mtu wa kumwagilia kaburi. Tuliitikia wote, na wengine tulishindwa kuzuia machozi.

Mama Costancia, asante kwa kazi, kwa ukali wako na kwa uvumilivu wako kwetu. Uende salama, uishi kwa amani na wajukuu. Kesho, kabla ya kupanda basi, pitia makaburini. Waridi moja limetoa tumba.