Mbwa wa Bernado Asiyefunga Mdomo

Tangu jana yake jioni Popo hakufunga mdomo. Alilala kando ya benchi la kahawa pale Kibara, udenda ukimchuruzika, akijikwaruza shavu kwa mguu wa mbele. Ilikuwa mwaka themanini na tatu, sukari haionekani, kahawa inanyweka chungu hivyo hivyo. Bernado, mwenye mbwa, hakugusa kikombe chake. Nyuzi za nyavu hazikuwepo madukani, na kwa miaka sita Popo ndiye aliyelinda nyavu zake za samaki ufukweni mwa ziwa.

— Karogwa huyo, alisema Silasi, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Nilionaga mmoja kule Kiriba. Akafika mahali anaongea.

— Anaongea nini?

— Kijita chetu hiki hiki.

Mwenzao Kwangu, waliyemwita Kamati kwa kupenda kuamua mambo, hakucheka. Alikuwa na rungu magotini.

— Hicho ni kichaa cha mbwa. Aking'ata mtoto, tunazika. Chanjo Bunda hakuna, Musoma hakuna. Bernado, mfunge kamba tummalize.

Bernado alijua Kamati hasemi kwa ubaya. Akamfunga Popo kwenye nguzo, mikono mizito.

Hapo akafika Jeska, bibi mifugo, yaani mganga wa mifugo wa kata, anasukuma baiskeli yenye pancha. Akamtazama mbwa, akatazama rungu.

— Nani kamwangalia ndani ya mdomo?

Jeska akaegesha baiskeli, akamgeukia mwenye mbwa.

— Kaka Bernado, ameanza lini?

— Jana jioni, baada ya kula mabaki ya sangara.

— Ukimwita anakuja?

— Anakuja, dada.

— Inaweza kuwa kichaa, inaweza isiwe. Kaeni mbali.

Akazungushia mkono gunia, akaomba koleo kwa fundi baiskeli wa jirani. Bernado akashika kamba, akaivuta fupi. Jeska akapenyeza kipande cha mti katikati ya meno, akainama mpaka uso wake ukakaribia meno ya mbwa.

— Nimeuona.

Koleo likatoka na mfupa wa sangara, mrefu kama kidole, uliokuwa umekwama kwenye kaakaa toka jino hadi jino. Popo akafunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akainamia sufuria la kuoshea vikombe, akanywa maji yote.

Kamati akalaza rungu chini ya benchi, taratibu.

— Huyu mama, alisema Redio, akasogea kumpisha Jeska benchini.

Sabuni haikuwepo. Bernado akamletea Jeska majivu na maji, akammiminia mwenyewe, na yule mama akanawa mara tatu, mpaka viwikoni.