Katsuva Zacharie, Mufundi wa Mawe ya Broshi

Mwenye kulala mbele yetu ni Katsuva Zacharie, na alikuwa mufundi wa vito. Familia inaanza na neno hilo makusudi. Juzi wazee fulani walikuja hapa nyumbani, parselini, wakakaa chini ya turubai ya matanga, wakakunywa chai yetu, kisha wakaomba kwa sauti ya upole kwamba katika wasifu huu tuandike tu «mufanya biashara», na ile habari ya nyundo tuiache ipite, maana matanga si mahali pa palabre na ugomvi. Mujane alikusanya vikombe. Binti yake Arielle, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alijibu kwa niaba yake: kama si hapa, ni wapi basi? Mutu amesemwa vibaya sokoni na kanisani kwa miaka mitano, halafu siku ya kumuzika ndiyo tumufunge mudomo? Haiwezekani. Tutasema yote, na wenye haraka watuvumilie.

Katsuva alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 kule Kyondo, katika milima ya Kivu ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mwinjilisti na mulimaji, mama yake alikuwa mufuma vikapu. Mama huyo alizoea kusema kwamba Zacharie akipotea, mumutafute mahali ambapo kuna kitu kimefunguliwa. Kufuli, taa ya mafuta, kalamu ya mwalimu, vyote alivifungua aone ndani mwake kuna nini. Alichapwa kwa ajili ya ile kalamu, na hata uzeeni alikuwa akiitetea: ilikuwa imekauka, na yeye ndiye aliyeifanya iandike tena.

Shule ya musingi aliisoma palepale Kyondo, kwa wamisionari, toka 1963 hadi 1969. Alianza masomo ya sekondari Butembo, lakini baba yake alipofariki mwaka wa 1971 ilimubidi aache. Baba yake mudogo, Paluku, mutu mukali aliyekuwa fundi wa saa na wa miwani pale Butembo, alimuchukua na kumuweka kwenye meza yake ya kazi. Paluku alimufundisha kushika vitu vidogo kwa koleo na kubana pumzi, kwa sababu pumzi ya mutu inatosha kurusha kijiwe cha saa kikapotelea sakafuni. Wakati mwingine walikuwa wakipiga magoti wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, wakipapasa vumbi wakitafuta kitu kisichozidi punje ya ulezi.

Mwaka wa 1979 alihamia hapa Bunia, akaanza na meza moja ya saa na pete pembeni ya soko. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa ya kanisa na Angélique Masika, na hapo kuna habari ambayo wajukuu wanaipenda. Bwana arusi, kijana anayejigamba na ufundi wake, alitaka kumutengenezea muchumba pete yenye jiwe. Angélique alikataa. Alisema: «Mimi ninasonga bugali kila siku. Hiyo jiwe itashika bugali, na weye utakula chakula yenye iko na jiwe.» Basi pete yake ikawa ya zahabu tupu, nayo iko kidoleni mwake mpaka saa hii.

Kazi iliyomupa jina ilikuja mwaka wa 1986, wakati mama mumoja mukatoliki kutoka Mahagi, aitwaye Régine, alipomuletea broshi. Wale wasioijua, broshi ni pambo ambalo wanawake wa kizungu wa zamani walikuwa wakibandika kifuani kwa pini. Mama yake Régine aliachiwa hiyo na muke wa mufanya biashara mugiriki, siku Wagiriki walipofunga duka na kwenda zao, na toka hapo ilikuwa imelala ndani ya mutungi wa maharagi. Katsuva alifikiri mama anataka pini itengenezwe. Régine akamushangaa: «Papa, nitaivaa wapi? Kwa shamba ya mihogo?» Ndipo Katsuva akaiosha, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, na akakagua mawe yake moja moja. Yale mawe yalikuwa almasi, diama kama tunavyosema hapa. Alimuambia mama ukweli, wakati angeweza kumuambia ni vipande vya chupa na kuinunua kwa bei ya chumvi. Jiwe moja aliliweka kwenye pete ya binti ya Régine aliyekuwa karibu kuolewa, na mengine akayanunua.

Toka hapo alitafuta broshi za zamani kila mahali: Mahagi, Aru, mpaka Kisangani, kwa pikipiki na kwa lori, katika barabara ambazo wote mnazijua. Watu waliokimbia vita toka Bule walimuletea zilizofichwa ndani ya mafundo ya kitenge. Na jinsi alivyofanya kazi, kila mutu alikuwa akiiona. Aling'oa jiwe mchana, mulangoni, mbele ya macho ya mwenye kuuza, hata siku moja hakuingia nalo nyuma ya pazia. Akiisha kung'oa, chuma cha broshi alimurudishia mwenyewe bila kudai kitu. Alikuwa akisema mikono ya mama yako ilishika chuma hiki, ukiweke. Mawe yale yalichongwa kwa mukono zamani sana, na chini yake yamekatwa bapa, hivi kwamba ukiyatazama toka juu unaona kama kijitundu katikati. Wachumba wengi wa Bunia waliingia kanisani na mawe hayo. Almasi zilizokaa kifuani mwa madamu wa wakati wa ukoloni zikaenda kwenye vidole vya wauguzi, walimu, na wamama wa sokoni, na hilo lilimupendeza Katsuva kuliko faida.

Sasa tuingie kwenye nyundo.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2019, Prudent, mwana wa muzee Baudouin, alikuwa anamuoa Fanny. Muzee Baudouin, munamujua, ananunua zahabu toka kwa wachimbaji, na mizani yake inaheshimiwa. Katsuva ndiye aliyetengeneza pete. Siku ya kuionyesha mbele ya familia mbili, muzee aliichukua, akaigeuza, akaona kile kijitundu katikati ya jiwe. Akauliza, je, almasi inaweza kutoboka? Kisha akaagiza nyundo. Hapa Ituri tumelelewa na zahabu. Kila mutoto anajua kwamba zahabu ya kweli ukiipiga nyundo inalala bapa, na ile ya uongo inapasuka vipande. Na shuleni sote tulifundishwa kwamba almasi ni ngumu kuliko kila kitu duniani. Muzee akaunganisha hayo mawili, akaweka pete kwenye ngazi ya saruji mbele ya nyumba, akasema: «Jiwe ya kweli haiogope nyundo.»

Katsuva alikuwa amekaa upande wa wageni. Aliinuka akinyoosha mukono, akamuomba muzee asipige. Alichelewa. Jiwe lililokaa zaidi ya miaka mia moja bila mukwaruzo likawa unga na vipande juu ya saruji.

Hakuna aliyemungojea aeleze. Mbele ya bibi arusi, mbele ya wakwe, mbele ya mujane huyu ambaye alikuwa amevaa kitenge chake kipya kwa heshima ya siku ile, Katsuva aliitwa mwizi. Alijaribu kusema kwamba ugumu wa almasi ni wa kukata, kwamba jino linatafuna mufupa lakini ukilipiga ngumi linavunjika. Walimucheka. Yule mwenye kuogopa nyundo, wakasema, ameshajihukumu.

Na ujinga ukapata miguu. Juma lilelile watu wa mtaa wa Saio wakaanza kutoa pete zao na kuzipiga kwenye ngazi zao. Bila shaka zikavunjika! Ungepiga nini kisivunjike? Kila almasi iliyovunjika ikawa ushahidi mupya kwamba Katsuva aliuza chupa. Yeye akapita nyumba kwa nyumba katika jua, akiwa na kipande cha kioo mukononi, akiwasihi: «Musipige. Kwaruzeni kioo na ile jiwe, mutaona itaikata.» Hebu mufikirie hiyo picha, mufundi wa zaidi ya miaka thelathini akibembeleza watu wasiharibu mali yao wenyewe, na wao wanamufungia mulango. Wachache walijaribu, wakaona kioo kimekatwa, wakanyamaza. Tunawajua. Wengine wako hapa leo na pete zao vidoleni, na hata leo wamenyamaza.

Meza yake ilikosa wateja. Kanisani, viti vya karibu naye vilikuwa wazi. Siku moja Angélique alikuta mutu ameacha nyundo ya mutoto, ya kuchezea, juu ya kizingiti chao. Aliificha mume wake asiione, lakini mume alikuwa ameshaiona. Hakulalamika. Aliendelea kutengeneza saa, zile chache zilizoletwa, na wale mnaosema kunyamaza kwake kulikuwa kwa mwenye kosa, aibu iwe yenu. Alikuwa amesema mara nyingi, na alichoka.

Mwezi wa sita mwaka wa 2021 ugonjwa wa tansio, ule wa shinikizo la damu, ulimuangusha, mukono wake wa kuume ukafa. Munaelewa ni mukono gani. Angélique alimuogesha, akamulisha na kumusomea Biblia, na watoto walipokezana kulala naye.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2025, Fanny alikuja kumuangalia. Ni yeye aliyetupa ruhusa kutaja jina lake, na amekaa hapa upande wa mujane. Siku ile ya nyundo, wakati watu wengine wanapiga kelele, bibi arusi aliokota vipande vyote akavifunga ndani ya kitambaa. Mwaka wa 2023 alivipeleka Kampala kwa muuza vito anayepima mawe kwa mashine. Yule alimuambia ni almasi ya kweli, ya muchongo wa zamani, akauliza ni mupumbavu gani aliyeivunja. Fanny alirudi, akamueleza baba mukwe wake, chumbani, kwa heshima yote. Na muzee Baudouin alimujibu: «Hiyo imepita. Nikisema leo nilikosea jiwe, kesho nani ataamini mizani yangu?» Fanny ni muke wa mwana. Kwetu muke wa mwana hapingi baba mukwe mbele ya watu, naye alibeba jambo hilo kifuani karibu miaka miwili, mpaka likamushinda.

Siku ile alipokuja kwetu, aliweka vipande katika kiganja cha kushoto cha Katsuva. Mugonjwa alivitazama, akalia, na Angélique anasema hakuwa amemuona akilia toka walipozika mutoto wao wa kwanza. Yannick, mwana wake, alitaka kukimbia palepale redioni kutangaza. Baba yake alimukataza. Ulimi ulikuwa muzito, lakini alisema neno kwa neno: «Mwachieni aseme yeye mwenyewe. Tukisema siye, watasema tulimulipa Fanny.» Fanny akapeleka ujumbe huo kwa baba mukwe wake. Muzee alijibu atakuja Jumapili.

Jumapili ile Katsuva aliomba avalishwe shati nyeupe na aketishwe sebuleni. Hakuna aliyekuja. Jumapili iliyofuata aliomba tena shati, na nyingine, na nyingine. Angélique aliifua kila Jumatatu na kuipiga pasi. Tunaandika hili huku tumekasirika, na hatuombi radhi kwa hasira hiyo. Kutoka kwa muzee Baudouin mpaka kwetu hata jasho halitoki ukitembea kwa miguu.

Katsuva Zacharie alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nane za mchana, katika kiti chake, akiwa na shati ile. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mujane, Angélique Masika. Ameacha watoto wake Arielle, Yannick na Gentille, wakwe na wajukuu, dada yake aliyefika jana toka Kyondo, na wanafunzi wa meza yake waliotawanyika mpaka Aru. Familia inashukuru kila aliyeleta kuni, maji na unga. Inawashukuru pia waliotuma lile shada kubwa kuliko yote, lenye utepe wa jina la muzee Baudouin. Tumelipokea, na tumeliweka pembeni.

Kwa desturi yetu, kabla sanduku halijashuka, familia inauliza kama kuna mutu mwenye neno na marehemu, aliseme sasa, asije kulisema mwaka kesho. Tumeuliza. Hakuna aliyejibu, na hilo tumelisikia sote. Leo lakini marehemu ndiye ana neno na mutu. Muzee Baudouin, uko hapa, musitari wa mbele, tunakuona. Hatukudai jiwe, hatukudai pesa, na hatutakugusa. Hakuna mutu mwingine Bunia nzima anayeweza kumurudishia Zacharie jina lake, na yeye mwenyewe alitaka litoke kinywani mwako.

Baba, pumzika kwa amani, kazi yako ilikuwa ya kweli. Vijana wa kufukia, wenye chepe, tumewaambia wangoje. Shimo liko wazi, muzee. Simama useme.